Michikichi Mirefu ya Mjomba

Mjomba alikuwa anapiga simu kila Jumamosi saa tatu asubuhi, na kila mara nyuma yake kulikuwa na ukuta uleule wa bluu. Ukuta, kalenda ya duka la matairi, na shati limetundikwa kwenye msumari. Basi. Mimi nilikuwa naangalia ukuta zaidi kuliko nilivyomwangalia yeye. Mtu anakuambia anaishi kijiji kizuri, katikati ya mashamba, hewa safi, mto uko karibu, halafu miezi na miezi anakuonyesha ukuta? Ukuta wa bluu hata hapa mtaani kwetu Crescent Town upo.

Mjomba ni mdogo wake Mama, kitinda mimba wao. Tulikuja naye Kanada kutoka kambini Kigoma, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Akapata kazi kwenye ghala kule Brampton, kupakia maboksi, na hukohuko akakutana na mwanamke wa Kiindonesia aliyekuwa anabandika karatasi za anwani kwenye maboksi hayohayo. Wakaoana. Mwaka wa pili baba wa yule mwanamke akaugua, wakaondoka wote wawili kwenda kumtunza kijijini kwao, kisiwa cha Sumatra. Mjomba alisema miezi sita. Ikawa miaka mitatu. Mzee alifariki, akaacha shamba la michikichi, na Mjomba hakurudi.

Mambo yalianza mwezi wa tano. Jumamosi hiyo alisogeza uso karibu na simu mpaka tukawa tunaona pua tu.

"Dada, jirani yangu anauza."

"Anauza nini?" Mama alikuwa anakata majani ya muhogo ya sombe, hakuinua hata kichwa.

"Shamba. Hekta mbili, limepakana na letu. Mzee anahamia mjini kwa mwanawe. Ukilichukua wewe, tunavuna pamoja, na nyumba tunakujengea hapohapo. Achana na hivyo vizee vyako."

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawageuza, anawaogesha, anawavalisha soksi. Akirudi nyumbani analala chali sakafuni sebuleni kabla hata ya kuvua koti, anasubiri mgongo umruhusu kuinuka. Nilijua atacheka, atamwambia Mjomba aache utani. Lakini aliweka kisu chini akauliza swali moja.

"Michikichi yenyewe mirefu au mifupi?"

"Mirefu, Dada."

"Mirefu kiasi gani?"

"We! Ukitazama juu kofia inaanguka."

Mama akakaa kwenye kiti. Uso wake ulibadilika kabisa, nikaona mtu nisiyemjua. Ni kwamba babu yangu, kule kwao Fizi, ng'ambo ya ziwa, alikuwa na michikichi mirefu, na kwa Mama hilo ni jambo kubwa kuliko nyumba ya ghorofa. Michikichi mifupi wanayo watu wa juzi, waliokuja jana wakapanda. Mrefu maana yake umeukuta, na babu yako aliukuta. Babu alikuwa anafunga kamba kiunoni, anaizungusha kwenye shina, anakwea huku anapiga mluzi, na wanawe wanasubiri chini mkungu udondoke. Mama alikuwa na miaka kumi na saba walipokimbia vita. Mjomba alikuwa sita, amebebwa mgongoni.

Simu ilipokatika nilimuuliza Mama, "Hati ya shamba itaandikwa jina la nani?"

"La mke wake. Mgeni kule hawamruhusu kumiliki shamba."

"Kwa hiyo wewe unatoa akiba yako yote, shamba linakuwa la yule mwanamke?"

"Ni wifi yangu."

"Umeonana naye mara ngapi? Mara nne?"

"Wewe," Mama akasema, "ungekuwa Bethlehemu ungemdai mtoto Yesu kitambulisho."

Nikaanza uchunguzi wangu. Kila siku kwenye basi nikienda dukani ninakofanya kazi ya keshi, nilikuwa nafungua ramani ya setilaiti kwenye simu, natafuta kile kijiji. Nilikipata. Barabara ya udongo mwekundu, mabati kidogo, na michikichi imepangwa mistari kwa mistari kama nywele zilizosukwa, haina mwisho. Hapo kweli aliposema ni michikichi, ni michikichi. Lakini nani aliniambia kwamba yeye yuko pale? Nikatafuta picha za mke wake. Nyingi zilikuwa za Brampton: yuko kwenye theluji, yuko kwenye maegesho ya magari, amevaa fulana ya kazini. Za kijijini zilikuwa tatu tu, na kwenye zote tatu Mjomba hayupo. Niliandika hilo kwenye daftari langu nikapigia mstari. Kila kitu cha yule mwanamke nilikipigia mstari. Anacheka sana: mstari. Hajawahi kutuomba hata senti moja: mistari miwili, kwa sababu mwizi mzuri haombi.

Jumamosi iliyofuata nilimtega Mjomba.

"Mjomba, mawese ya huko mnauzaje?"

"Hatukamui. Mikungu inachukuliwa na lori, inapelekwa kiwandani."

"Na ya kupikia?"

Akakohoa. "Tunanunua dukani. Yanakuja kwenye mifuko ya plastiki. Meupe."

Mama aliruka. "Meupe! Unakaa chini ya michikichi unapikia mafuta meupe ya dukani?"

"Ndiyo hivyo, Dada."

"Kijiji kizima? Hakuna hata mwanamke mmoja mwenye pipa?"

"Hakuna."

"Basi nikija mimi watanijua," Mama akasema, akacheka mpaka akashika mgongo. Nilikuwa nimeuliza ili aogope, na sasa alikuwa anapanga pipa la kuchemshia aliweke wapi. Jioni alikwenda duka la Waafrika akaleta chupa ya mawese, akaifungua jikoni akanusa, akasema haya yamekaa, ya kwangu yatakuwa na harufu ya kukamuliwa jana.

Nikamuuliza kwa nini. Nilichoka kuzunguka, nikamuuliza wazi: kwa nini uende ukaishi porini kwa watu usioelewa hata lugha yao?

Alikuwa amelala chali palepale sakafuni, koti lake likiwa limefungwa vifungo vyote. "Nataka nifungue mlango nikanyage chini," akasema. "Si korido. Si lifti. Chini. Kila siku naingia vyumba vya wale wazee, naona kitanda, dirisha, televisheni. Juzi mmoja alikufa, mchana wakamwingiza mwingine, shuka hata halijapoa. Mimi sitaki kusubiri zamu yangu pale."

Nikasema, "Lakini mimi je?"

"Wewe ni mtu mzima. Utakuja. Au hutakuja."

Wiki ya pili ya mwezi wa sita aliongea na msimamizi wake kazini kwamba mwisho wa mwezi wa saba anaacha kazi. Hakuniambia. Niliona maboksi. Alikuwa ameyaokota nyuma ya duka la pombe pale karibu na stesheni, maboksi mazuri ya mvinyo yenye vyumba ndani, na ameanza kuweka vikombe. Sasa nikaona saa inakwenda kweli. Nikamwandikia Mjomba ujumbe mwenyewe: *Tupigie asubuhi ya huko, siyo usiku. Tunataka kuliona shamba kukiwa na jua. Mama hatoi kitu mpaka aone.* Hilo la mwisho Mama hakulisema. Nililisema mimi.

Akajibu: *Sawa binti.* Halafu ikaanza. Jumapili, mtandao mbaya. Jumatano, mvua. Jumapili nyingine, amepeleka pikipiki kwa fundi. Nilikuwa namsomea Mama kila udhuru kama mwendesha mashtaka. "Unaona? Mtu mwenye shamba hawezi kulionyesha shamba?" Siku ya udhuru wa pikipiki Mama hakuongeza kikombe kwenye boksi, nikaona, nikalala nimefurahi.

Siku aliyopiga ilikuwa Julai. Kwetu ilikuwa saa mbili ya jioni na jua bado linawaka kwenye balkoni, kwake ni saa moja ya asubuhi kesho yake. Simu ilitikisika, ikawa majani, ikawa anga, halafu ikatulia.

Walikuwepo, ndani ya shamba la yule jirani. Sitasema uongo, nilishtuka. Michikichi ilikuwepo, udongo mwekundu ulikuwepo, na Mjomba mwenyewe alikuwa ndani yake, amevaa mabuti ya mpira, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Nyuma yake mke wake amejifunga kitambaa kichwani, anapunga mkono. "Wifi! Wifi!" Hilo ndilo neno lake la Kiswahili.

"Inua simu juu," Mama akasema.

Mjomba akainua. Shina likapanda, likapanda, likapanda. Lilikuwa limeota majanimajani na magugu ubavuni, na huko juu kabisa kulikuwa na kichwa kidogo cha makuti, na mwanga unapita katikati. Mama akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Baba," akasema. "Angalia, ni kama ya Baba."

Hata mimi nilisahau ninachotafuta. Nilikuja na orodha yangu ya maswali, nikawa nimeishika tu.

"Nani anakwea hii?" Mama akauliza. "Una mkwezi mzuri?"

"Dada, mtandao unasumbua hapa, ngoja nisogee..."

"Nakusikia vizuri. Nani anakwea?"

Mjomba akageuka, simu ikaonyesha mabuti yake. Hapo nilichoka. Nikamwita mke wake kwa Kiingereza, nikamwambia anti, tafadhali shika simu wewe. Yule mwanamke anaongea Kiingereza cha ghalani, kifupi na wazi, na mimi namwandika kwa Kiswahili.

"Anti, Mama anauliza nani anapanda juu kuvuna."

Akacheka. "Kupanda? Hapana. Hakuna mtu anapanda. Mtu akipanda hapa watamwita kichaa. Tazama."

Akazungusha simu. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama chini ya mchikichi ameshika bomba refu lenye mundu mwishoni, na bomba lenyewe lilikuwa limeungwa na bomba la pili kwa vibano. Alilisimamisha. Likapinda kama fimbo ya kuvulia samaki. Akajaribu kulenga mkungu, mundu ukapita pembeni. Akarudia. Ukapita tena. Mara ya tatu ukagusa, yakadondoka machikichi manne matano, mkungu ukabaki palepale. Akashusha bomba, akajifuta jasho, akasema kitu kwa lugha yao, na yule mwanamke akacheka tena.

"Anasema amechoka, miti hii ni ya enzi za bibi yake."

"Hiyo miti ina miaka mingapi?" nikauliza.

"Mingi sana. Miti yenye matunda imebaki michache tu. Ni mizee. Bomba lisipofika, wanakata yote, wanapanda mipya. Halafu unasubiri. Miaka mitatu, minne, huvuni kitu. Ndiyo maana mzee anauza. Hana nguvu ya kusubiri." Akatazama kwenye simu, akaona sura ya Mama, akapunguza kicheko. "Mlikuwa hamjui? Mume wangu alisema dada yake anajua michikichi tangu mtoto. Nikafikiri mnataka kupanda upya."

Nikamtafsiria Mama. Nilitafsiri polepole, neno kwa neno, na sikuongeza langu hata moja. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mpe simu mdogo wangu," akasema.

Mjomba akarudi kwenye skrini. Hakuvaa ile sura yake ya Jumamosi.

"Ulijua?"

"Dada..."

"Miaka mitatu uko hapo. Unapima mikungu, unapakia lori. Ulijua kwamba miti hii inakatwa?"

"Wewe ndiye uliyeuliza kama ni mirefu," Mjomba akasema. "Nikasema mirefu. Ni uongo? Wewe ukafurahi. Ningesema nini?"

"Ungesema, Dada, huku kwa wenzetu mrefu ni maiti."

Jogoo akawika kwake, na huku kwetu mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani. Halafu Mjomba akasema, akiwa anaangalia pembeni:

"Hilo ndilo shamba pekee linalouzwa karibu na mimi. Kama ningesema ni maiti usingekuja."

"Ungetafuta jingine, la mbali kidogo."

"Mbali ningefanya nini na wewe? Hapa wananipenda, Dada, siwezi kulalamika. Nikipita wote wananiita. Lakini hakuna mtu wa kunitania. Nimejifunza lugha yao, naomba chumvi, naomba toroli, nauliza bei. Nikitaka kumtukana mtu tukacheka wote, sina. Jumamosi nakaa tangu saa kumi ya jioni nasubiri nyie muamke."

"Kwa hiyo unanivuta mimi na mgongo wangu nije nikae chini ya miti ya bibi ya yule kijana, ili unitukane?"

Mjomba akacheka, halafu nadhani alikaribia kulia. Mama hakucheka. Akakata simu.

Mimi nilikuwa nimesubiri saa hiyo tangu mwezi wa tano. Nikasimama kabisa. "Si nilikuambia?"

Mama akanitazama. "Uliniambia nini?"

"Kwamba kuna kitu."

"Uliniambia ni yule mwanamke. Kumbe yeye ndiye pekee aliyesema ukweli bila kuulizwa mara mbili. Huo uchunguzi wako ulikuwa unamchunguza nani?" Akaingia jikoni. Nikasikia vikombe vinatoka kwenye boksi kimoja kimoja, vinarudi kabatini, vinagongana.

Kazini walimrudishia shifti zake, isipokuwa ya Jumatatu ambayo tayari walishampa mtu. Shamba hakununua. Mjomba hakupiga Jumamosi iliyofuata, wala iliyofuata baada ya hiyo. Mama saa tatu alikuwa anaweka simu mezani kwa kuegemeza kwenye sukari, anafanya kazi zake, saa nne anaiondoa. Mimi kwa kweli nilikuwa nalala vizuri, na hilo sikuliandika kwenye daftari.

Wiki ya tatu mke wa Mjomba aliniandikia mimi. *Anatoka shambani, anakula kidogo, analala. Hasemi. Anaona aibu kwa dada yake. Mwambie.* Unajua nilifanya nini? Niliukalia ule ujumbe siku tatu. Nikajiuliza kama ni mtego mpya, labda sasa watataka kitu kingine, labda wameandika pamoja. Nilitafuta kosa ndani yake kama mtu anavyotafuta jiwe kwenye mchele. Siku ya tatu nikiwa kwenye keshi, mteja ananiambia nimemrudishia chenji mara mbili, ndipo nikaelewa kwamba silitafuti kosa la Mjomba. Natafuta sababu ya Mama kubaki, na sijali sababu hiyo inamwangukia nani.

Nikampa Mama simu jioni hiyo. Akasoma kwa kuvuta herufi, Kiingereza kinampa taabu. Akauliza umetumwa lini. Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Ijumaa alikuja na tiketi imechapwa kazini kwake. Wiki tano, Oktoba mpaka Novemba. Likizo yake yote ya mwaka. Hakuna shamba, hakuna akiba, hakuna maboksi. "Nakwenda kumtukana mdogo wangu," akasema, "halafu narudi."

Nikaichukua ile karatasi. Kwenda, kupo. Kurudi, kupo, tarehe ipo. Nikageuza nyuma kwenye maandishi madogo, yale ambayo hakuna anayeyasoma, nikakuta pale: tarehe ya kurudi inaweza kubadilishwa, kwa malipo kidogo. Nikasoma tena.

Mama alikuwa anavua viatu. "Unasoma nini muda wote huo?"

"Hapa wanasema unaweza kubadilisha tarehe ya kurudi."

"Kumbe."

"Hukujua?"

"Mwanangu, unataka niweke dole gumba hapo, kama kambini? Kwamba mimi, mama yako, nitarudi?"

Alikuwa anatania. Nikamwambia ndiyo, nikaenda chumbani kutafuta kalamu ya wino, nimpake kwenye dole gumba.